Nianze kazi ya IT bila chuo: nilipe kozi au ninunue laptopu?

Swali: Shikamoo kaka. Nina miaka 22, nipo Masasi. Nilimaliza kidato cha nne nikapata daraja la nne. Huu ni mwaka wa pili nafanya kazi steshenari karibu na stendi: kuchapa, fotokopi, kujazia watu fomu za mtandaoni. Kompyuta za hapa zikiharibika bosi ananiambia nihangaike nazo mwenyewe, na nyingi nimezitengeneza kwa kuangalia YouTube. Nataka hii iwe ndiyo kazi yangu. Nina akiba ya laki sita. Kuna mtu anafundisha kozi ya IT ya miezi mitatu kwa laki tano na nusu, na cheti anatoa. Nilipe? Au nihamie Dar? Halafu printa yetu inaweka doa jeusi upande uleule, mara tatu au nne kwenye kila karatasi. Hilo nalo limenishinda.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usilipe.

Simjui huyo mwalimu na sina nia ya kumtia mchanga kwenye kitumbua chake. Lakini piga hesabu. Ukimpa laki tano na nusu unabaki na elfu hamsini, karatasi ambayo hakuna mwajiri aliyekuomba, na kompyuta unayojifunzia bado ni ya bosi. Kama moyo unavutwa bado, nenda ukamuulize mambo mawili. Kituo chake kimesajiliwa NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi? Na katika miezi hiyo mitatu, bisibisi utaishika wewe kwa saa ngapi? Akianza kukwambia usajili unashughulikiwa, mshukuru, muage, urudi kazini.

Hela hiyo nunua laptopu iliyotumika, zile za maofisini zinazoingia kutoka nje: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Laki nne hadi nne na nusu inatosha kupata inayofaa. Iwe na RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8. Ya GB 4 iache hata kama inang'aa. Kabla hujatoa hela ingia BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows, uone kama haijafungwa kwa nywila ya kampuni ilikotoka, chomoa chaji uone betri inakaa muda gani, jaribu kila tundu la USB, bonyeza kila kitufe. Uulize pia kama inakubali Windows 11. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine isiyo na TPM 2.0, ile chipu ya ulinzi, haipandi kwenda 11 kwa njia rasmi. Ofisi nyingi za huku Kusini bado zina mashine za namna hiyo. Mtu anayeweza kukaa na mhasibu akamweleza kwa lugha nyepesi kwamba hii tuibadilishe, hii tuiwekee SSD, diski ya kasi, hii tuipe Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, ana kazi ya miaka kadhaa mbele yake.

Kitakachobaki kigawe hivi: seti ndogo ya bisibisi, koleo la kubania vichwa vya kebo, testa ya kebo, mfuko wa vichwa vya kebo ya mtandao (RJ45), kebo mita kumi za kuharibia, brashi laini, flashi mbili na diski ya nje ya bakapu, yaani ya kuwekea nakala. Hiyo diski usinunue iliyotumika. Kwa nini unaihitaji nitakusimulia, maana mimi nilijua kwa gharama.

Nilianza kama wewe, kwenye fotokopi, Mtwara mjini, mwaka 2009. Msimu wa korosho wa 2011 karani wa chama kimoja cha msingi akaniletea kompyuta imejaa virusi, inachukua robo saa kuwaka. Nikafanya lile nililolijua: nikafomati, nikapakia Windows upya, ikawa nyepesi kama imetoka dukani. Nikampigia kwa maringo aje aone. Akaja, akatazama ile skrini tupu, akaniuliza taratibu, "Orodha ya wakulima umeiweka wapi?"

Majina, kilo, makato, nani kalipwa malipo ya awali na nani bado. Vyote vilikuwa kwenye diski ile peke yake. Usiku kumi na mmoja nilikaa ofisini kwao na yule karani, tukiingiza upya kutoka kwenye stakabadhi za karatasi, moja moja, na asubuhi tukifungua mlango tunawakuta kina mama wamekaa kwenye benchi wakisubiri hela zao. Hakuna aliyenitukana. Wangenitukana ningepata nafuu.

Tangu mwaka ule sigusi diski ya mtu kabla sijanakili kilichomo, hata akiniambia humu hamna kitu. Simwulizi mteja kama ana mafaili muhimu, kwa sababu atajibu hapana ili nimalize haraka. Namwuliza, "Humu kuna kitu ambacho kikipotea utalia?" Hapo ndipo anakumbuka picha za harusi na matokeo ya wanafunzi.

Nirudi kwako. Unasema unataka hii iwe kazi yako, na mimi nikisoma barua naona unaifanya mwaka wa pili sasa. Ila huiandiki, na hulipwi kwa ajili yake. La kuandika lianze kesho asubuhi. Nunua daftari kubwa, la kurasa nyingi. Kila tatizo lipate mistari mitano au sita: tarehe, mashine gani, mwenyewe alilielezaje kwa maneno yake, ujumbe uliotokea kwenye skrini neno kwa neno, ulijaribu nini kwanza, kipi kilifanya kazi, muda uliotumia. Kwenye kampuni kubwa haya haya huandikwa kwenye mfumo na kila tatizo huitwa tikiti, lakini fundi wa ofisi yenye watu mia tano na wewe wa hapo stendi mnaandika kitu kimoja.

Hilo la neno kwa neno usilipuuze. Mteja ukimwuliza kompyuta iliandika nini, atakujibu, "Iliandika Kiingereza." Ameshakifunga kile kisanduku. Mwombe arudie alichokuwa anafanya mpaka ujumbe utokee tena, uunakili wote pamoja na namba zake. Nusu ya majibu yamo humo ndani. Na kwa kuwa mitihani na maelezo ya kazi hii yapo kwa Kiingereza, daftari hilo ndilo litakufundisha Kiingereza unachokihitaji.

Nimewahi kukaa upande wa wanaosaili. Tukimwambia mtu atueleze tatizo la mwisho alilotengeneza, wengi, wenye shahada wakiwemo, wanatazama dari. Aliyewahi kuja na daftari alikuwa mmoja. Tulimchukua, na mwandiko wake ulikuwa mbaya sana.

Sasa ufundi wenyewe. Mimi nauita kutenga: unagawa njia nzima vipande, unajaribu kipande kimoja kimoja, mpaka ujue tatizo halipo wapi. Chukua malalamiko ya kila siku, intaneti haifanyi kazi. Anza kwa macho: kebo imechomekwa, taa ya swichi ya mtandao inawaka? Fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike ipconfig. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, ujue kompyuta iliomba anwani kwa rauta haikujibiwa, ikajipa yenyewe; shida iko kati yako na rauta, huko nje usiende. Kama anwani ni ya kawaida, piga ping, amri ya kubisha hodi kwa kifaa kingine, kwenda kwenye rauta. Ikijibu, piga ping 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google iliyo nje kabisa. Nayo ikijibu, piga ping kwa jina la tovuti. Namba ikijibu na jina lisipojibu, DNS ndiyo imelala, ile huduma inayogeuza majina kuwa namba. Vipimo vinne, dakika tatu, na hujafungua kifuniko cha kitu chochote.

Faida yake niliiona Mei 2024. Jumapili ya tarehe 12 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na Jumatatu asubuhi simu yangu haikutulia: ofisi, lodge, duka la dawa. Rauta zote zilijibu, nje kimya. Nikawaambia tatizo liko baharini, tusiguse kitu. Fundi mwenzangu mmoja siku hiyo alizirudisha rauta za wateja wake kwenye hali ya kiwandani, moja baada ya nyingine. Intaneti iliporudi nchi nzima, wateja wake hawakuwa nayo, na yeye alikuwa hakumbuki mipangilio ya rauta hata moja.

Mwezi huohuo, mwanzoni, barabara ya Dar ilikatika kule Kilwa baada ya mvua za kimbunga Hidaya. Vifaa vyetu karibu vyote vinatoka Kariakoo kwa basi. Ukianza kupata senti, weka akiba ya adapta, keibodi na katriji.

Kujisomea hakuhitaji hela nyingi. Cisco Networking Academy wana kozi za bure za vifaa vya kompyuta na za mitandao, na programu yao ya Packet Tracer inakuwekea swichi, rauta na kompyuta kwenye skrini ukaziunganisha, ukaharibu, ukatengeneza, bila kununua hata kebo. Google wana kozi ya IT iliyotoka 2018 kwa watu wasio na uzoefu kabisa. Iko Coursera, tovuti ya kozi za mtandaoni, kwa kulipia. Halafu kuna CompTIA A+, cheti ambacho waajiri wa nje wanakitambua sana. Ni mitihani miwili, kila mmoja maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na kila mmoja unalipiwa zaidi ya dola 200. Cheti kinadumu miaka mitatu. Kwa sasa usiufikirie kuulipia. Ila orodha ya mada za mtihani CompTIA wanaitoa bure. Ipakue uichape hapo kazini, uibandike ukutani, uwe unapiga tiki kila mada uliyoigusa kwa mkono wako. Hiyo ndiyo silabasi yako, na haina dalali. Masomo ya video yapakue kwa bando la usiku, utazame kesho yake.

Nilikwambia GB 8. Ni kwa sababu ya VirtualBox, programu ya bure inayowasha kompyuta nyingine ndani ya laptopu yako kama dirisha tu. Humo pakia Windows, pakia Linux, kisha uharibu kwa makusudi: futa draiva, badilisha DNS iwe ya uongo, jaza diski, sahau nywila. Lala. Kesho itengeneze. Mwezi mmoja wa kuharibu namna hiyo naupima zaidi ya miezi mitatu ya kumtazama mtu akifundisha ubaoni.

Na hapo mezani kwako una somo ambalo wa Dar analitafuta: flashi za watu. Unaijua ile shida ya mwanafunzi anayechomeka flashi akakuta folda zote zimegeuka vishale vya njia ya mkato, akalia kwamba kazi yake imefutika. Haijafutika. Virusi vimeificha na kuweka vishale badala yake, na kila anayebonyeza kishale anavisambaza. Fungua dirisha la amri, na kama flashi ni herufi E andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* usubiri, folda zitarudi kuonekana. Nakili mafaili halisi tu, ipime flashi kwa antivirusi, ifomati, umrudishie. Halafu safisha kompyuta yenu, kwa sababu huenda ndiyo iliyomwambukiza. Steshenari ya stendi ni kisima cha mtaa. Kikichafuka, wanaugua mpaka wa Nachingwea.

Jingine la hapohapo kazini. Hiyo kompyuta ya kujazia fomu ina vitambulisho vya NIDA na vyeti vya watu wangapi kwenye folda ya vilivyopakuliwa? Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Futa kila jioni, na kwenye pipa la taka la kompyuta pia. Fundi anayejulikana kwamba akishika mashine yako hafungui picha zako, huyo ndiye anayepewa funguo za ofisi ya uhasibu. Huku kwetu jina linatembea haraka kuliko basi.

Kuhusu malipo, kaa na bosi wako mkiwa mmetulia, usimvizie. Mwambie mshahara wa kaunta ubaki ulivyo, ila kazi za ufundi za wateja wa nje ziwe na bei yake imebandikwa ukutani, mgawane. Kuangalia tatizo kuwe na bei hata kama hamkutengeneza. Hata elfu tatu. Bila hivyo utatumia mchana mzima ukiambiwa, "Nichekie tu kidogo." Na wapo watakaokuuliza fundi yuko wapi huku bisibisi iko mkononi mwako. Usigombane. Sema, "Ndiye mimi, shida nini?" uendelee. Fundi wa kike ninayefanya naye kazi anasema baada ya mwaka wa kwanza waliacha kumuuliza, wakaanza kumwita yeye waniache mimi.

Kazi ipo Kusini, ila inakuja kwa misimu na kwa kujuana. Vyama vya msingi vya korosho ni mfano. Minada siku hizi inapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa TMX, soko la bidhaa la taifa, kwa hiyo kompyuta ikizima kipindi cha mnada ni kilio. Wote wanamtafuta fundi Oktoba, mashine zimeshakufa, karani hana usingizi. Wewe wafuate Septemba. Waambie utapuliza vumbi, utasafisha meno ya RAM kwa ufutio, utapima UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, utaweka bakapu. Vumbi la Masasi ni jekundu na linaziba feni. Huku pwani sisi adui yetu ni chumvi ya hewa, inakula mpaka skrubu. Shule za binafsi wapate Desemba na Juni, maabara ikiwa haina wanafunzi. Ukienda Mtwara, kule bandarini, kwenye saruji na kwenye gesi, mtu mdogo mara nyingi anaingia kupitia kampuni yenye mkataba wa kuvuta kebo au kuhudumia printa. Anza kwa kuvuta kebo, si aibu. Mimi nimepanda dari nyingi kuliko paka.

Ukiambiwa ujitolee mahali, kwa mfano hospitali, kubali kwa masharti: isizidi miezi mitatu, nauli na chakula wakupe, na mwisho wakuandikie barua inayotaja kazi ulizofanya. Kujitolea kusiko na tarehe ya mwisho ni utumwa wenye kitambulisho shingoni.

Hapa sitakudanganya kuhusu karatasi. Kwa mtu binafsi daftari linatosha. Halmashauri, hospitali za serikali na taasisi za umma, tangazo la Sekretarieti ya Ajira likitoka litataja stashahada au shahada, na mfumo wa maombi hauna mahali pa kupandisha daftari. Kwa hiyo chuo kipo kwenye safari yako, ila kije baadaye na ukilipie kwa hela za ufundi. Ukiwa na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini kwenye kidato cha nne unaweza kuanzia ngazi ya 4 ya NTA, zile ngazi za tuzo za vyuo vya ufundi, upande 5 mpaka 6, ambayo ndiyo stashahada. Toa cheti chako uhesabu D leo usiku. Zikipungua, rudia somo moja kama mtahiniwa wa kujitegemea wakati daftari linajaa. Na chuo chochote, hakiki usajili wake NACTVET kabla ya kulipa hata fomu.

Dar nenda wiki mbili, ukae na mafundi Kariakoo, ujue bei na sura za vifaa, urudi. Kuhamia sasa ni kwenda kumbebea mtu begi la vifaa. Hapo Masasi unashika kila kitu mwenyewe.

Sasa hiyo printa. Chukua karatasi yenye madoa, weka rula, pima kutoka doa moja hadi la pili kwa milimita. Doa linalojirudia kwa umbali ulio sawa linatoka kwenye kitu cha mviringo kinachozunguka, na umbali huo ndio mzunguko wake. Ukiona madoa matatu au manne kwenye A4, yenye urefu wa milimita 297, mzunguko uko kati ya 75 na 95 hivi, na mtuhumiwa wa kwanza ni ngoma, ile silinda inayong'aa. Kwenye printa ndogo nyingi za leza ngoma imo ndani ya katriji, kwa hiyo azima katriji ya aina hiyohiyo kwa jirani uchape ukurasa mmoja. Doa likitoweka, ngoma yenu imekwaruzwa au imegandwa na tona, ule wino wa unga, hasa kama hiyo katriji imeshajazwa mara nyingi. Likibaki, tazama rola ya joto, ila zima kwanza uiache ipoe, inaunguza. Ngoma usiiguse kwa kidole, na ukiitoa ifunike kwa kitambaa, mwanga unaiharibu. Aina ya printa, milimita ulizopima na kilichotokea, viandike ukurasa wa kwanza.